Punguzo liwe na mstari wake na tarehe yake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mwajiri akiwaomba wafanyakazi wakubali kupunguziwa mshahara kwa muda, wamjibu nini? Nimefanya kazi ya kuandaa mishahara kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kutoka kwenye meza hiyo, ambako ahadi za kikaoni hugeuka kuwa tarakimu.

Jibu langu ni kwamba mtu anaweza kukubali, ila mshahara wake wa msingi usiguswe.

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita. Wengi huiangalia chini tu, penye kiasi kitakachoingia benki. Panda juu: utakuta mshahara wa msingi, chini yake posho, halafu makato. Punguzo la muda linaweza kuingia humo kwa njia mbili. Mhasibu anaweza kufuta msingi wa zamani na kuandika mwingine mdogo. Au anaweza kuuacha msingi palepale na kuongeza mstari mmoja kwenye makato: punguzo la muda, kiasi chake, na mwezi litakapokoma. Kinachofika mkononi kinaweza kisitofautiane sana. Tofauti huja baadaye. Malipo ya saa za ziada, likizo, notisi na kiinua mgongo kwa kawaida hupigiwa hesabu kwenye msingi au kwenye mshahara wa mwisho. Nimeshaona mtu aliyekubali kupunguziwa mshahara ili asipunguzwe kazini, kisha akapunguzwa kazini hivyohivyo, na kiinua mgongo chake kikahesabiwa kwa ule msingi uliokatwa. Hakuna aliyemwibia. Programu ya mishahara haina mahali pa kuandika ahadi. Inasoma namba iliyopo.

Kuna na hili la viongozi kubadilika. Meneja aliyeahidi akiondoka, anayemfuata anakuta msingi mdogo na kuuona ndio mshahara wako wa siku zote. Ukidai kurudishiwa chako, unaonekana unaomba nyongeza.

Hesabu yenyewe nayo huwapiga chenga watu wazima. Aliyekatwa asilimia 20 anahitaji nyongeza ya asilimia 25 ili arudi alipokuwa. Mkurugenzi akitangaza kwamba anarudisha "ile asilimia 20" juu ya mshahara uliokatwa, amekuacha na asilimia 96 ya ulichokuwa nacho, na huenda ukumbi mzima ukampigia makofi. Ndiyo maana karatasi iseme "mshahara utarudi kuwa kiasi fulani", na kiasi hicho kitajwe.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: fedha inayokatwa imesamehewa au imeahirishwa? Iliyoahirishwa ni deni, na kampuni inapaswa kuliandika vitabuni. Iliyosamehewa imekwenda. Kampuni ikifilisika ndipo mtu anapoujua uzito wa jambo hili. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka wafanyakazi wapewe kipaumbele katika kulipwa mishahara wanayodai, kwa kiwango au kipindi kilichowekwa na sheria ya nchi. Lakini mtu hulipwa anachodai. Ulichosamehe kwa saini yako hukidai tena.

Kama kampuni haiwezi kuahirisha, omba ipunguze saa pamoja na fedha. Asilimia 20 ni siku moja katika wiki ya siku tano. Ujerumani wana utaratibu rasmi wa namna hiyo, Kurzarbeit: saa hupungua, na bima ya ajira hufidia asilimia 60 ya mshahara wa baada ya makato uliopotea, 67 kwa mwenye mtoto. Pasipo na fidia ya namna hiyo, angalau unabaki na siku yako ya kutafuta kibarua kingine.

Maelezo yanadaiwa pia. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Jerald Greenberg, alichapisha uchunguzi wake kuhusu viwanda vya kampuni moja. Katika viwili, mishahara ilikatwa asilimia 15 kwa wiki 10. Kimoja kilielezwa sababu kwa kina na kwa majuto, kingine kikapewa tangazo fupi. Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kote kuwili, lakini uliongezeka zaidi pale pa tangazo fupi, na mishahara iliporudi ukashuka. Mabosi hunukuu habari hii kama somo la kuongea vizuri. Mimi naiona kama ruhusa ya kuuliza: mauzo yameshuka kiasi gani, na wakubwa wenyewe wamejikata kiasi gani? Mwaka 2014 Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, kampuni ya Japani ya michezo ya video, alijikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano, na wakurugenzi wenzake kati ya asilimia 20 na 30. Bosi anayeona swali hilo ni utovu wa adabu ameshalijibu.

Anayekataa asinyamaze. Kuchukua mshahara uliokatwa mwezi baada ya mwezi bila neno kunaweza kuhesabiwa kuwa umeridhia. Uingereza kuna kesi ya fundi aitwaye Rigby dhidi ya kampuni ya Ferodo, iliyoamuliwa mwaka 1987. Alikatwa bila ridhaa, akaendelea kwenda kazini huku akipinga, na akashinda tofauti yote. Barua pepe ya mistari miwili inatosha kuonyesha unapinga. Anayekubali naye aandike, na si lazima awe mwanasheria: "Nimekubali punguzo la asilimia 10 kwa miezi mitatu, kuanzia mwezi huu. Mshahara wangu wa msingi haujabadilika, na malipo yote yanayotegemea msingi yataendelea kuhesabiwa kwa kiasi cha awali." Atume kabla ya siku ya mshahara na abaki na nakala nje ya kompyuta ya ofisi. Mwenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara aende benki mapema pia, maana rejesho halitapungua kwa sababu mshahara umepungua.

Na kabla ya yote hayo, ulizia michango yako ya pensheni. Kampuni inapobanwa, michango ndiyo rahisi kuacha kupeleka, kwa sababu mfanyakazi anaiona imekatwa kwenye hati yake na kudhani imefika. Omba taarifa moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, usiombe kwa mhasibu wetu, hata kama mhasibu huyo ni mimi. Ikiwa imefika yote, una mwajiri wa kuzungumza naye. Ukikuta miezi kadhaa haijafika, basi umeshaanza kukatwa kabla hujaombwa. Dai hiyo kwanza kwa maandishi, punguzo lisubiri, na jioni hiyohiyo anza kutuma maombi ya kazi kwingine.