Kabla Hujasaini Mkataba na Shirika la Uhifadhi

Nilipoajiriwa na shirika la kimataifa la uhifadhi wa wanyamapori, nilidhani nitashinda porini na darubini shingoni. Mwezi wa kwanza niliumaliza mezani nikipitia maelfu ya picha za kamera zinazofungwa mitini na kupiga picha zenyewe kila kitu chenye joto kinapokatiza mbele yake. Nyingi zilikuwa za majani yaliyopata moto wa jua na kutikiswa na upepo. Chui niliyekuwa nikimtafuta alitokea mara mbili tu, na mara ya pili ulionekana mkia peke yake.

Kwa anayetaka kazi hii, swali la kwanza kwenye usaili liwe la fedha, hata kama unaona haya kuliuliza: mshahara wangu unalipwa na mradi upi, na mradi huo unaisha lini? Ruzuku nyingi hutolewa kwa kazi mahususi na kwa muda maalumu, kwa hiyo ajira yako inaweza kukoma ilhali wanyama na matatizo yao bado wapo palepale. Mimi sikuuliza, na barua ya kusitishiwa mkataba ilinikuta katikati ya sensa ya wanyama niliyokuwa nimeianza mwenyewe.

Jiandae pia kufanya kazi na watu kuliko na wanyama. Nchini India, tai wala mizoga walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kuanzia miaka ya 1990, na chanzo hakikuwa majangili bali diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo iliharibu figo za tai waliokula mizoga yao. Matumizi yake kwa mifugo yalipigwa marufuku mwaka 2006, baada ya watafiti kuthibitisha chanzo hicho na wahifadhi kuibana serikali. Kujua tabia za ndege peke yake kusingetosha kufika hapo. Vivyo hivyo, mkulima ambaye tembo wamemmalizia shamba kwa usiku mmoja hahitaji hotuba juu ya thamani ya tembo. Nenda ukalione shamba, umsikilize mpaka amalize, na usimwahidi fidia ambayo haimo kwenye bajeti. Niliwahi kusema "tutaona", naye akaelewa kuwa nimekubali. Ilinichukua msimu mzima kurudisha imani yake.

Sifa utakayoihitaji kila wiki, na ambayo matangazo ya kazi huitaja kwa maneno machache tu, ni kuandika ripoti inayoeleweka na kurejesha masurufu, yaani kutolea hesabu na stakabadhi fedha ulizopewa kwa ajili ya kazi, kwa wakati. Stakabadhi za mafuta zinazochapwa na mashine hufifia zikikaa kwenye gari lenye joto. Zangu tatu ziligeuka karatasi nyeupe, mhasibu akazikataa, na fedha hiyo ikakatwa kwenye mshahara wangu. Tangu hapo huzipiga picha palepale kituoni, kabla sijawasha gari.