Miaka ya barabara ya Kasumbalesa haikunisaidia kwenye Gran Turismo 7

Nimeshika usukani miaka kumi na moja, sehemu kubwa kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikiwa nyuma ya lori la shaba au nikikimbizwa na lori la shaba. Ndiyo maana mpwa wangu aliponikalisha mbele ya Gran Turismo 7, mchezo wa video wa mbio za magari, kwenye chumba cha michezo huku Katuba, nilimwambia asije akalia nikimshinda. Alinishinda mara nne mfululizo. Ana miaka kumi na minne.

Kilichoniponza kwanza ni uzuri wa picha. Jua la jioni limelala juu ya boneti, matone ya mvua yanatambaa kwenye kioo, hata mishono ya kiti unaiona. Mimi nikawa natazama mishono, gari likaingia majanini.

Basi sikilizeni, hasa nyie madereva wenzangu. Kwenye gari la kweli anayekupa habari ni mgongo. Kiti kikikusukuma na tumbo likielea, unajua gari limeelemea wapi. Kwenye kochi mgongo umelala usingizi. Habari zinapitia masikioni na vidoleni. Tairi zikianza kulia, ujue zinakaribia kuteleza. Kwenye maneti (kile kidude cha kushika mkononi) ya mashine ya PS5, kitufe cha breki huwa kigumu, kisha hutetemeka ABS, ile inayozuia tairi zisigande, ikianza kazi. Kwa hiyo ongeza sauti. Siku ile rumba ya baa ya jirani ilifunika kila kitu, sikusikia tairi hata moja (kisingizio, lakini cha kweli).

La pili ni breki, na hapa mchezo umeigiza vizuri kuliko nilivyotarajia. Tairi ina nguvu yake moja ya kushika lami. Ukiitumia yote kusimamisha gari, hakuna inayobaki ya kukata kona: unazungusha usukani, gari linaendelea mbele kama halijakusikia. Kanyaga breki mapema, gari likiwa limenyooka, halafu iachie polepole unapoingia. Mimi nilikuwa nabana breki katikati ya kona, kama mtu aliyeona mbuzi.

Nilipoanza peke yangu, nilipewa kuchagua gari la kwanza: Toyota Aqua, Honda Fit au Mazda Demio. Nilichukia. Aqua naziona kila siku, nimekuja kuendesha Porsche! Lakini kigari kidogo ndicho kinachofundisha, kwa sababu kosa lake huja taratibu, unapata muda wa kulielewa. Pia usiruke leseni, yaani majaribio ya udereva ya ndani ya mchezo. Ile ya B ina majaribio 10, na la kwanza ni kuondoka na kusimama ndani ya eneo lililowekwa. Kusimama tu! Nilirudia mara sita.

Kasoro ipo. Unagonga ukuta kwa kasi ya ajabu, gari linaondoka na mikwaruzo. Hapo uhalisia umekwenda kunywa chai.

Kabla ya kununua, fikiria mega zako. Hata ukiwa na diski, kuna makumi ya gigabaiti ya kupakua, na sehemu kubwa ya mchezo haifunguki bila intaneti. Kwa mtaa ambao umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, ningeanza kulipia saa moja kwenye chumba cha michezo. Mwenye kompyuta nzuri aijaribu Assetto Corsa, mchezo mwingine wa mbio wa mwaka 2014, kazi ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni: unaweza kukimbia peke yako bila mtandao.

Sasa nahangaika na Nordschleife, njia ya mbio ya Nürburgring kule Ujerumani, karibu kilomita 21 za kona na vilima, na sijaimaliza bado bila kutoka nje. Jumapili nilikuwa naipitia kwa tahadhari, breki hapa, breki pale, mpwa wangu akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, huku hakuna peaje ya kulipia barabara. Mbona unasimama?"