Dharura nyingi zina tarehe zake

Shangazi anajibu barua za wasomaji

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga vyumba viwili Mbagala. Mume wangu ni fundi ujenzi wa kutwa. Akipata kazi tunakula vizuri, asipopata tunabaki na vitumbua vyangu. Mwaka juzi nilichukua kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, laki tatu, nikarudisha laki tatu na tisini ndani ya mwezi mmoja, na siku mbili za mwisho nililala kwa dada yangu ili nisikutwe nyumbani. Nilipomaliza nikaapa sikopi tena. Nina miezi kumi na saba sidaiwi na mtu. Lakini mwezi huu umenikalia vibaya. Mtoto wa pili amelazwa siku mbili kwa malaria, akiba yote imeishia hapo. Simu ya baba yao imetumbukia kwenye ndoo ya maji saiti. Na mwenye nyumba amekumbusha kodi ya miezi sita, laki tatu na sitini, mwisho wa mwezi ujao. Jana usiku simu yangu imeniambia naweza kukopa elfu themanini papo hapo. Sijabonyeza. Niambie kabla sijabonyeza. — Mama Vitumbua, Mbagala

Marahaba mwanangu. Usibonyeze.

Mkopo wa simu hauna haja ya kukutafuta. Kwa mingi, pesa yoyote ikiingia kwenye laini, wenyewe wanajikata kwanza. Mteja akikutumia elfu ishirini ya oda ya vitumbua vya maulidi, na wewe mchele umeshaloweka na nazi umeshanunua, unafungua simu unakuta wameshachukua chao. Kesho asubuhi huna mtaji wa kukaanga, kwa hiyo unabonyeza tena. Kausha damu angalau anabisha hodi na unaweza kulala kwa dada yako. Huyu anaishi ndani ya pochi.

Na kwa kuwa umemtaja kausha damu, tufanye hesabu yake mara moja kisha tumwache. Elfu tisini juu ya laki tatu kwa mwezi mmoja ni asilimia 30. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni, wale wa daraja la pili, wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu zako hiyo ni 10,500. Sikwambii ili ukakope. Nakwambia ili siku mtu akimletea jirani yako karatasi ya kusaini, umuulize leseni iko wapi na riba ni asilimia ngapi kwa mwezi. Wengi wao hapo hukumbuka wana safari.

Sasa nikusimulie yangu. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge Korogwe, miaka ishirini na mbili. Siku ya mshahara, nje ya geti walikuwa wanasimama watu na madaftari yao: mwenye duka, muuza mitumba, mama wa pombe, na mzee mmoja mpole sana aliyekopesha kumi akadai kumi na tatu. Mfanyakazi anapokea dirishani kwangu, anatembea hatua hamsini, anafika barabarani na nusu. Alikuwepo mlinzi mmoja wa usiku, mshahara wake karibu na wa mwisho kwenye karatasi yangu, na hakuna aliyekuwa akimsubiri. Nikamuuliza. Akacheka, akasema, "Mama karani, mimi Januari naijua tangu Februari."

Niliona ni maneno ya wazee. Mwaka ule ule paa la jiko langu likavuja masika kama lilivyovuja masika iliyopita, nikakopa. Idd ikaja, nguo za watoto, nikakopa. Shule zikafunguliwa, nikakopa. Mimi, mwenye ufunguo wa sanduku la mishahara ya watu mia mbili! Ndipo nikachukua daftari la mistari nikawa naandika kila kitu nilichokiita dharura. Kufika Desemba yalikuwa mambo kumi na manne. Kumi na moja yalikuwa na tarehe. Yaliyobaki, mama yangu kuanguka kisimani, baiskeli kuibiwa na msiba wa kaka, hayo ndiyo yaliyonivamia. Mengine yote yalikuja kwa mguu, mchana kweupe, nikiyaangalia.

Yaangalie na ya kwako. Kodi umeijua tangu siku uliyolipa ile ya mwisho. Laki tatu na sitini gawanya kwa siku 180 ni shilingi 2,000 kwa siku. Malaria hukujua itampata nani, lakini nyumba yenye watoto watatu haimalizi mwaka bila mmoja kupelekwa hospitali. Simu ndiyo ajali pekee, na dawa yake ni kitochi, simu ndogo ya vitufe. Baba yao anahitaji kupigiwa na msimamizi wa saiti saa kumi na moja alfajiri, basi. Mpira atauangalia kwa jirani.

Kuhusu kodi, usingoje tarehe. Nenda kwa mwenye nyumba wiki hii, asubuhi, umevaa vizuri, umwombe upokelewe miezi mitatu kwanza na mitatu baadaye. Mpangaji anayekwenda mapema huonekana mtu mwenye mpango, anayekwenda siku ya mwisho huonekana anatoroka. Akikubali, iandikwe, mjumbe awepo. Hapo unatafuta 180,000 ndani ya siku kama 45. Vitumbua vitoe 2,000 kila siku: 90,000. Mume wako, kila siku aliyopata kazi, 5,000 ikatwe kabla hajapita buchani. Akipata siku kumi na tano tu, hiyo ni 75,000. Inabaki 15,000, na sijawahi kuona mama wa Mbagala aliyeshindwa na elfu kumi na tano. Ukishalipa, endelea na zile 2,000. Siku 90 zinakuletea 180,000 nyingine bila kujumlisha wala kutoa.

Jambo dogo hapo hapo. Kila mwezi LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakata 1,500 ya kodi ya jengo, na jengo ni lake. Kama mita ni yenu peke yenu, miezi sita ni 9,000. Mtajie kwa heshima wakati wa kuhesabiana. Akikunja uso, iache. Leo una ombi kubwa zaidi kwake.

Hizo 2,000 za vitumbua zitoke wapi? Umeniandikia nyuma ya karatasi, na hapo ndipo niliposimama nikasoma mara mbili, kwamba unanunua mafuta ya kupima, robo lita kwa 1,800, mara mbili kwa siku. Hiyo ni 7,200 kwa lita. Umesema pia dumu la lita 20 hapo kwenu ni 110,000, yaani 5,500 kwa lita. Unatumia nusu lita kwa siku, kwa hiyo kila siku unamwachia muuzaji 850 kwa sababu tu huna dumu. Siku 26 za kazi ni 22,100. Mwanangu, hiyo nayo ni riba, ila haina karatasi. Mtu wa kipato kidogo hulipa bei ya juu kwa kila kitu, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande, sukari ya kijiko, na hakuna anayemwita mkopaji.

Dumu hutalinunua peke yako mwezi huu. Tafuta wenzako watatu wanaokaanga, mwenye chapati, mwenye sambusa, kila mmoja alete 27,500 mgawane lita tano tano. Yako itakaa siku kumi. Nikutahadharishe tu: mafuta yakiwa mengi ndani, mkono hurefuka, na shemeji atataka chipsi. Endelea kuyapima kwa robo ile ile kama vile unanunua dukani.

Pa kuweka pesa. Kibubu ni kizuri kwa mtu asiyejua kutumia kisu kwenye tundu. Mimi nilijua. Nilichosalimika nacho ni mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, wanawake kumi, kijumbe mkali wa kukusanya, kila Jumamosi. Siri ya mchezo ni zamu. Watu wanagombania zamu ya kwanza, nami nilikuwa naomba ile inayoangukia wiki ya mwisho ya Desemba, nikipokea natoka moja kwa moja kununua sare na madaftari. Kaa na kijumbe wako, mwambie kodi yako inaangukia lini, akupange hapo. Kama mtaani kwenu kuna kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, uliza kwanza habari za mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na misiba, kabla hujauliza habari za mikopo. Kikoba cha watu wenye akili hujibu hilo haraka.

Na ya hospitali, anza na 40,000, isikae kwenye laini ile inayokutongoza usiku. Ikitumika, irudishwe kabla hakijanunuliwa kitu kipya chochote, hata kijiko. Juu ya hilo nilikuwa mkali mpaka watoto wangu wakanipa jina.

Usisahau kuniandikia mwenye nyumba amesemaje.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Singida, sina mkopo wowote, naishi kwa mshahara. Kinachonimaliza ni michango ya harusi. Tangu Juni nina kadi tano, na kila kamati imeniweka kwenye kundi la WhatsApp. Nikikataa naonekana naringa. Nifanye nini? — Mwalimu asiye na ndoa

Sina mkopo, unasema. Fungua hayo makundi matano, usome orodha. Jina lako liko pale, mbele yake imeandikwa ahadi 100,000, na mbele ya ahadi pameandikwa sifuri. Waliosema ahadi ni deni hawakujua kwamba siku moja deni lenyewe litabandikwa kila jioni mbele ya watu mia na themanini. Una deni la laki tano, mwalimu, na wadai wako wanakutumia picha za keki.

Fanya hivi. Amua leo mwaka mzima utatoa kiasi gani kwa harusi za watu, andika, ukigawe: ndugu wa damu, wafanyakazi wenzako, na wengine. Kadi ikija, jibu siku hiyo hiyo na pesa hiyo hiyo, hata ikiwa 20,000, usiahidi. Mtu aliyetoa elfu ishirini mapema kamati humsahau kabisa, na kusahauliwa na kamati ni raha. Kadi ya ukumbini usiidai. Jitolee kazi: wewe una mwandiko mzuri, andika majina kwenye bahasha, simamia viti. Kwenye kamati za harusi watu wa kuchangia maneno wamejaa, wa kubeba viti hawaonekani.

Misiba iache nje ya hesabu hii. Huko nenda na ulicho nacho.

Bibi, ulituambia mwezi uliopita tusikope hata dukani kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Mimi ni mstaafu wa Tanga. Mangi wa kwetu hanitozi riba, ananiandika kwenye daftari, pensheni ikiingia namlipa. Kosa liko wapi? — Mzee wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Umenishika. Niliandika kwa hasira, na nilikuwa nimetoka kugombana na duka.

Mangi wako anakufanyia hisani kweli, na mahali pengi nchini daftari lake limelisha watoto wengi. Nilichokuwa nataka kusema ni kitu kidogo zaidi. Ukiwa kwenye daftari lake, unga ukiwa nafuu duka la pili, huna uso wa kwenda huko. Unapita na mfuko umeukunja kwapani. Na lile daftari analishika yeye. Sisemi anaongeza. Nasema siku ya pensheni wewe una kumbukumbu na yeye ana kalamu. Nunua daftari la pili la shilingi mia tano, mwandike wote wawili kila siku, lako ukae nalo. Kama ni mtu mwema hatachukia.

Na nikiri kabisa mbele yako, kwa kuwa umeniita bibi. Mpaka naandika mstari huu, mama wa mchicha hapa nje ananidai shilingi mia saba tangu juzi. Nilikuwa na noti ya elfu kumi na hakuwa na chenji. Jana hakuja sokoni, nasikia anaumwa mgongo. Kesho nikiwahi nitamkuta kwake kabla hajatoka, nimeshaomba chenji kwa kondakta.