Kuchangia damu mara kwa mara: presha haipandi, ila chuma kinapungua

Kuna kitu Dar nzima inakiamini, kwamba ukianza kuchangia damu hutakiwi kuacha, maana ukiacha damu inajaa mwilini afu unapata presha. Nimekisikia kwa mama mkwe wangu, kwa konda, kwa dada anayenisuka pale Kinondoni, hata kwa watu wenye digrii zao kabisa. Mi nachangia miaka sasa, kwa hiyo kila mtu akijua ananishushia hilo swali. Ngoja nianze nalo, afu nije kwenye kitu ambacho kweli mchangiaji wa mara kwa mara anatakiwa akiangalie, na hicho wala hakiongelewi.

Damu haijai. Mtu mzima ana kama lita 5 hivi za damu, ukichangia wanachukua mililita 450 hivi, ndo ile tunaita chupa moja ingawa siku hizi ni mfuko. Upande wa majimaji, plazma, unarudi ndani ya siku moja mbili ukinywa maji vizuri. Chembe nyekundu ndo zinachelewa, wiki 4 mpaka 8 hivi. Na msimamizi wa hiyo kazi ni figo, zikihisi oksijeni imepungua zinatoa homoni inaitwa eritropoietini inayoenda kuuamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyingine, hesabu ikitimia homoni inashuka na uboho unapunguza kasi. Hamna sehemu mwili unasema huyu dada huwa anatolewa chupa kila baada ya miezi kadhaa ngoja nimwekee ya ziada kabisa. Na hizo chembe zenyewe zinaishi siku 120 tu zinavunjwa, uchangie usichangie.

Sasa yule jirani aliyeacha kuchangia akapata presha? Presha ilikuwa inakuja tu: umri, chumvi, chipsi mayai kila usiku, kukaa kwenye foleni masaa matatu, ukoo. Damu kasingiziwa.

Upande wa pili kuna wanaoipigia debe kupita kiasi, eti kuchangia kunasafisha damu, kunapunguza kitambi, kunazuia magonjwa ya moyo. La kitambi tuliache, unapewa juisi na biskuti pale pale aisee. La kusafisha pia, damu inasafishwa na ini na figo, sio sindano. La moyo ndo lina stori yake. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Marekani, Jerome Sullivan, alitoa hoja kwamba huenda wanawake ambao bado wanapata hedhi wanaugua moyo kidogo kuliko wanaume wa rika lao kwa sababu kila mwezi wanapoteza chuma, yaani yale madini yanayotumika kutengeneza damu. Baadaye Finland wakafuatilia wanaume, wakaona waliochangia damu walipata shambulio la moyo kwa uchache. Inavutia eeh? Shida ni kwamba mchangiaji ni mtu aliyeshachujwa, kapimwa uzito, presha, wingi wa damu, kaulizwa maswali kibao, sasa ukimlinganisha na kila mtu mtaani lazima yeye aonekane yuko freshi. Na 2007 yakatoka matokeo ya jaribio la Marekani, wagonjwa wa mishipa ya miguu walitolewa damu kwa makusudi kupunguza chuma, na kwa ujumla vifo havikutofautiana kivile na wale ambao hawakutolewa. Kwa hiyo mi mtu akiniuliza "nachangia nifaidike nini" namwambia anayefaidika ni mama aliyejifungua akatoka damu nyingi, mtoto wa malaria ambaye damu imeisha, mgonjwa wa selimundu. We ukiwa na afya haikudhuru, na hiyo inatosha.

Haikudhuru lakini ina gharama, na gharama yenyewe ni chuma.

Kila chupa inaondoka na miligramu 200 mpaka 250 za madini ya chuma. Kwenye chakula mwili unafyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Wingi wa damu unaweza kuwa umesharudi kabisa ukapimwa kidole ukaambiwa uko vizuri, kumbe akiba ya chuma bado iko chini, na kuijaza kwa chakula peke yake kunaweza kuchukua nusu mwaka. Sisi wanawake ndo tunaumia zaidi maana hedhi nayo inachukua chake kila mwezi na akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo, ndo maana hapa kwetu wanaume wanaruhusiwa kila baada ya miezi 3 na wanawake miezi 4. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa wachangiaji kama 45,000, ukatoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2017, wakawagawa kwenye makundi ya kuchangia kwa vipindi tofauti. Waliochangia haraka haraka hawakuonekana kuharibikiwa maisha, ila walilalamika zaidi uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na chuma chao kilishuka.

Mimi dalili yangu ilikuwa mchele mbichi. Yaani nikipepeta mchele nusu naumaliza mwenyewe, afu barafu, nikinunua juisi naitafuna barafu kuliko juisi. Ofisini wakaanza kunipa hongera ya mimba. Nikaenda kuchangia kama kawaida, nesi akanitoboa kidole akaangalia akasema dada yangu leo hapana, damu yako haijafika, wingi wa damu unatakiwa usome 12.5, nenda kale kwanza uje siku nyingine. Nikapima feritini, ndo kipimo cha akiba ya chuma, maabara nyingi za mjini wanacho, iko chini mno. Hamu ya mchele mbichi, udongo, barafu ni dalili inayojulikana kabisa ya upungufu wa chuma, kwa hiyo dada ukijiona unatafuna vile vidonge vya udongo vya sokoni na huna mimba, kapime kabla hujachangia tena.

Kwenye msosi, maini, nyama na dagaa chuma chake kinaingia mwilini kirahisi kuliko cha majani. Maharage, mchicha na tembele ni vizuri ila vitie ndimu au kula na chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Adui ni chai. Sisi na chai ya rangi na maharage asubuhi, chai inazuia chuma palepale tumboni, isogeze mbele lisaa limoja au mawili. Na hizi juisi nyekundu, rozela sijui bitiruti, rangi haikupi damu jamani, kunywa kwa raha zako. Vidonge vya kuongeza damu vinafanya kazi kweli, mi nilipewa, choo kinakuwa cheusi usishtuke, ila usijinunulie kiholela, pima kwanza, kuna watu chuma kinawazidi na kwao ni sumu. Na kama una mtoto mdogo nyumbani viweke juu kabisa, vinaua watoto.

Siku yenyewe ya kuchangia kula vizuri, kunywa maji kama nusu lita kabla, na ukimaliza kaa pale robo saa hata kama unajisikia simba. Joto la Dar sio la kuchezea, wengi wanaoanguka wanaanguka wakiinuka haraka au wakitoka juani. Usipande bodaboda saa hiyo hiyo, na mwendokasi ukikosa siti subiri linalofuata. Mkono uliotobolewa usibebe ndoo siku hiyo. Kama unakimbia jogging utaona pumzi imepungua kwa wiki kadhaa, ni kawaida, punguza spidi. Ukiwa umefunga Ramadhani nenda baada ya futari.

Halafu kuna wanaoenda kuchangia ili wapimwe bure. Damu inapimwa kweli, UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, na kuna watu wamegundulika mapema homa ya ini ambayo haikuwa na dalili yoyote. Ila kama una wasiwasi na jambo la wiki iliyopita usiende kuchangia, nenda kapime, maana maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo na damu ile akapewa mtu.

Sharti la msingi ni miaka 18 mpaka 65 na kilo 50 kwenda juu. Ukiwa Ilala kituo cha Damu Salama kiko Mchikichini, na hospitali kubwa kama Muhimbili, Temeke, Amana na Mwananyamala zina sehemu zao. Ukitaka kwenda wakati ambao kweli unahitajika, nenda shule zikifungwa, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa na wakiwa likizo damu inapungua.