Chuo Kimehama Ligi. Mwanao Atarusha Siku Gani?

Wiki mbili zilizopita baba mmoja Mkenya anayeishi Minnesota alinipigia simu usiku, mimi ndiyo kwanza nimetoka zamu. Kijana wake amepata ofa ya kucheza besiboli chuoni, na chuo chenyewe kinajiandaa kuhamia konferensi kubwa zaidi. "Mama, hiyo si bahati?" akaniuliza. Nikanyamaza kidogo. Mwaka 2023 nilipopewa habari kama hiyo kuhusu chuo cha mwanangu nilipiga vigelegele, nikaagiza fulana nne zenye nembo mpya, moja nikaituma Morogoro kwa mama yangu, ambaye mpaka leo anaamini mjukuu wake anacheza kriketi. Nilimwomba yule baba anipe siku mbili niandike, maana kwenye simu ningeishia kulalamika.

Kwa wasioufahamu mchezo huu: vyuo vya Marekani vimejigawa katika makundi yanayoitwa konferensi. Mimi nitasema ligi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mnacheza wenyewe kwa wenyewe, mnampata bingwa wenu, na bingwa huyo anaingia moja kwa moja kwenye michuano ya taifa ya timu 64. Timu nane za mwisho hukutana Omaha, Nebraska, ambako fainali hizo zimekuwa zikichezwa tangu 1950. Ukimtajia mchezaji yeyote wa chuo neno Omaha, utaona macho yake yanavyobadilika.

Sasa, chuo kinapohama ligi, mara nyingi besiboli haikuulizwa. Wanaohamisha ni watu wa ule mpira wao wa kofia ngumu, yaani futiboli ya Kimarekani, pamoja na fedha za televisheni, na besiboli inavutwa nyuma kama tela. Ndivyo Stanford na California, vyuo vinavyotazama Pasifiki, vilivyojikuta mwaka 2024 ndani ya ligi inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki. Timu ya kofia ngumu inasafiri ugenini mara chache tu kwa msimu, mechi moja kila safari. Besiboli ina hadi mechi 56 za msimu wa kawaida, na wikendi ya ligi ni mechi tatu dhidi ya timu ileile, kwa kawaida Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo ramani ikitanuka, wanaochoka kwanza ni hawa.

Chuo cha mwanangu nakiacha bila jina. Tunaishi Texas, yeye ni mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, na msimu wake wa kwanza walikuwa katika ligi ndogo ambayo safari ndefu kuliko zote ilikuwa mwendo wa saa tano kwa basi. Nilikuwa nikimaliza zamu Ijumaa naingia barabarani na chapati nimezifunga kwenye taulo. Wenzake, wazungu warefu wenye ndevu ambazo hazijakubali kuota vizuri, wakaniita Mama Chapati. Mwaka ule nilikosa wikendi mbili tu.

Tarehe 1 Julai tukawa rasmi wa ligi mpya. Msimu uliofuata nilimwona ugenini mara moja.

Tiketi za ndege ni habari nyingine, lakini lililoniuma zaidi ni masomo. Timu inaondoka Alhamisi asubuhi, inarudi Jumapili usiku wa manane, na Jumatatu saa mbili asubuhi kuna darasa. Kijana alikuwa na maabara ya kemia Alhamisi mchana. Kila wikendi ya ugenini, maabara imepita. Akaiacha, akaisoma kiangazi, na ada ya kiangazi haikuwa ndani ya ufadhili wake, hivyo tukailipa sisi. Hakuna mtu aliyetutajia hilo siku ya kutia saini. Na kuna ligi ambazo ni kali zaidi kwa hili: ukiwa katika ligi ya Big 12, chuo cha BYU, cha Wamormoni wa Utah, hakichezi Jumapili kwa sababu ya imani yao, kwa hiyo mechi zinaanza Alhamisi na wageni wanasafiri Jumatano. Mzazi wa mtoto anayesoma uhandisi au uuguzi, chukua ratiba ya ligi mpya uiweke kando ya ratiba ya madarasa kabla hujasema lolote.

Lakini nimeahidi kuzungumzia siku za kurusha, na hapa ndipo wazazi wengi wa kwetu hatuelewi mpaka tuungue. Mrushaji hawezi kurusha kila siku, mkono utakatika. Hivyo kocha ana mrushaji wa Ijumaa, ambaye ndiye bora, wa Jumamosi, na wa Jumapili. Katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, kuna mechi dhidi ya chuo cha jirani kisicho cha ligi yenu, na hiyo hupewa mrushaji wa nne au kijana anayejaribiwa. Cheo cha mrushaji ni siku yake. Mwanangu alikuwa wa Jumapili tangu Aprili ya mwaka wake wa kwanza, jambo ambalo si dogo.

Ligi mpya ilikuwa na wapigaji watu wazima, wenye miaka 22 na 23 na mikono kama michi ya kutwangia kisamvu. Kocha aliliona hilo mapema. Akaingia kwenye soko la uhamisho, ambako siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kama zamani, akarudi na warushaji watatu wakubwa. Mwanangu alianza Jumapili moja tu katika ligi ile. Hakumaliza awamu ya pili kati ya tisa za mechi. Jumatano yake akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti iko chini hivyo?"

"Nimetolewa Jumapili. Nimepelekwa Jumanne."

"Kwani Jumanne si siku?"

Akacheka kile kicheko cha kumridhisha mzazi. "Ni siku, mama. Ila hakuna anayeitazama."

Nilikasirika, nikataka kumpigia kocha. Sikupiga, na nawashauri msipige. Kocha hakuwa amedanganya. Alimsajili mwanangu kwa ligi moja, akajikuta anacheza nyingine, na kazi yake mwenyewe ilikuwa mashakani. Kosa lilikuwa langu kudhani kuwa ahadi ya nafasi inahama pamoja na nembo. Kama chuo kimeshatangaza kuhama, kocha asikuambie mwanao "atapata nafasi ya kucheza". Mwulize anamwona akirusha siku gani, na kati ya warushaji walio mbele yake ni wangapi wanamaliza chuo. Akianza kuzungumzia uzuri wa chumba cha kubadilishia nguo, umeshajibiwa.

Kuna jambo lililonichanganya mwaka ule. Tulishinda mechi chache kuliko mwaka uliotangulia, lakini kwenye orodha ya RPI, ambayo kwa miaka mingi ndiyo kamati ya michuano ya taifa imekuwa ikiitegemea, tulipanda. Kijana alinieleza kwa subira kama anamfundisha mtoto. Ushindi wako mwenyewe ni asilimia 25 tu ya alama. Asilimia 50 ni jinsi wapinzani wako wanavyoshinda, na 25 zilizobaki ni wapinzani wa wapinzani wako. Robo tatu ya heshima yako iko mikononi mwa watu wengine! Ukiwa na majirani wakubwa, hata kufungwa nao hakukuangushi sana. Ndiyo maana mwaka 2025 ligi ya SEC, ile kubwa ya vyuo vya kusini-mashariki, peke yake iliingiza timu 13 kati ya zile 64, wakati ligi nyingi ndogo zilipeleka bingwa wao tu, na bingwa huyo mara nyingi anaamuliwa kwa siku chache za mashindano mwezi Mei. Miaka ya ligi ndogo unaweza kushinda sana kisha ukakosa yote kwa mchana mmoja mbaya.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba ligi kubwa ni mbaya. Inategemea chuo kimeingia na nini. Missouri walishinda mashindano ya Big 12 mwaka 2012, ukiwa msimu wao wa mwisho humo, wakaenda michuano ya taifa, kisha wakahamia SEC. Mpaka msimu wa 2025 walikuwa hawajarudi tena, na msimu huohuo walimaliza ligi na ushindi 3 na vipigo 27. Wavulana wale waliamka kila Ijumaa kwenda kwenye hayo. Texas nao waliingia SEC, wakatwaa ubingwa wa msimu wa kawaida mwaka wao wa kwanza, 2025. Tofauti yao ni kwamba Texas walikuwa na fedha, uwanja na historia ya besiboli tangu zamani. Ligi haikuwapa, walikuja nayo. Na bado, sisi wa huku tulicheka sana, walitolewa nyumbani kwao Austin na UTSA, majirani kutoka San Antonio ambao nao walikuwa wamepanda ligi miaka miwili tu kabla.

Mwaka huohuo wa 2025 Murray State, chuo cha Kentucky ambacho kilihama ligi 2022 kwenda Missouri Valley, kilifika Omaha kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo aina ya kuhama ninayoipenda: ngazi moja, si tatu, na bado unaweza kuwa bingwa. Oregon State nao wakafika Omaha hiyohiyo bila ligi kabisa. Ligi yao ya Pac-12 ilisambaratika, wenzao kumi wakatawanyika, wao wakabaki wanatafuta mechi mojamoja kama mtu anayeomba lifti. Lakini walikuwa na mataji matatu ya taifa, ya 2006, 2007 na 2018, na jina hilo liliwatosha kupata wapinzani na wachezaji. Chuo kisicho na jina kingezama kwa njia hiyohiyo.

Hivyo nikimrudia yule baba wa Minnesota. Baba, usiwaulize wanahamia ligi gani, hilo limo kwenye magazeti. Waulize besiboli imeongezewa nini. Je, kuna kocha wa warushaji aliyeongezwa, kuna jengo la mazoezi ya ndani, bajeti ya ndege ni ya nani? Sisi tulihama na uwanja uleule, taa zilezile na msaidizi mmoja pungufu, huku ile timu nyingine ikijengewa jengo la ghorofa. Ukisikia majibu yote yanaanza na "tunategemea", rudisha shilingi yako mfukoni.

Halafu ufadhili. Zamani timu nzima ya besiboli daraja la kwanza iligawana ufadhili kamili wa watu 11.7, ndiyo, na nukta, kwa hiyo wengi walipata kipande. Mwanangu alipata theluthi. Tangu msimu wa 2025-26 vyuo vilivyokubali masharti mapya havina kikomo hicho, lakini kikosi hakiruhusiwi kuzidi watu 34. Ligi kubwa sasa wanaweza kulipia wote 34, na chuo kilichoingia jana kwa kunyata kitashindana nao kwa vipande. Watu 34 maana yake pia ni kwamba hakuna mahali pa kumweka kijana anayekua polepole. Taka kujua kwa maandishi kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, na kama unagusa kiangazi. Mimi ningetoa chapati zote za mwaka ule nipate jibu hilo mapema.

Nisiwe mchoyo wa haki: kuna waliofaidika. Mwenzake anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu alikutana na mipira ya kasi ambayo asingeiona kule tulikotoka, akajifunza kuipiga, na ghafla wasaka vipaji wakawa wamekaa nyuma ya wavu na vipima kasi vyao. Mpigaji anapata nafasi mara nne tano kila mechi. Mrushaji wa Jumanne hapati.

Juni ile kijana alitaka kuhama. Nilimwomba asiamue kabla ya Julai, si kwa busara yoyote, nilikuwa tu nimechoka. Katika wiki hizo alikaa na mshauri wa masomo, akagundua kwamba vyuo viwili vilivyomtaka vingemtupia nusu ya masomo aliyokwisha kufaulu. Na ukishaingiza jina lako kwenye soko lile, chuo chako hakilazimiki kukutunzia ufadhili wako. Akabaki.

Sasa yuko mwaka wa mwisho na bado ni wa Jumanne. Mechi za Jumanne, kama nilivyosema, ni za majirani, hakuna ndege. Nimeomba kazini wanibadilishie siku ya mapumziko. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye jukwaa lenye watu labda sitini, upepo mkali, akarusha awamu tano bila kufungwa, na alipotoka akainua kofia upande niliokaa. Yule mpigaji mwenzake aliyebaki tangu ligi ya zamani akaja kwenye wavu kuuliza kama nimeleta.

Nilikuwa nimeleta.