Mzee wa Santuri Anajibu: Elvis au Pérez Prado, nani alikuwa namba moja?

Mwezi huu barua zenu zimeangukia pahala pamoja bila kuambizana: chati za muziki za Marekani na Uingereza, miaka ya mwisho ya hamsini. Nimechagua nne. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, mtanisamehe, ina kesi ya kifamilia ndani yake.

Shikamoo Mzee wa Santuri. Baba yangu na baba mdogo hawasemezani tangu Jumapili. Baba anasema wiki ya mwisho ya Julai 1958 namba moja ya Marekani ilikuwa "Hard Headed Woman" ya Elvis Presley. Baba mdogo anashikilia kwamba ilikuwa "Patricia" ya Pérez Prado. Kila mmoja ana kitabu chake kinachomuunga mkono. Nani mkweli? Nimechoka kubeba ujumbe kutoka chumba hiki kwenda kile. — Binti wa Katikati

Marahaba mwanangu. Waite wakae mkeka mmoja, kwa sababu wote wawili wamesema kweli.

Neno lenyewe "chati" ndilo linalotuponza. Tunalitamka kana kwamba ilikuwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani mbele ya taifa zima. Wakati ule gazeti la Billboard peke yake lilikuwa na chati kadhaa zikienda sambamba. Moja ilifuata santuri zilizonunuliwa madukani. Nyingine ilifuata nyimbo zilizopigwa zaidi na watangazaji wa redio. Ya tatu ilifuata zile mashine za kutumbukiza sarafu, unabonyeza namba, mkono wa chuma unachomoa santuri yako na kuilaza chini ya sindano. Hiyo ilifungwa Juni 1957. Halafu tangu Novemba 1955 kulikuwa na Top 100, iliyojaribu kuvichanganya vyote.

Sasa tuingie kwenye wiki ya ugomvi wenu. Vijana wanakwenda dukani na pesa yao ya mfukoni, wanamtaka Elvis. Yeye mwenyewe yuko jeshini tangu 24 Machi, nywele zimekwisha nyolewa, lakini wimbo ulirekodiwa mapema kwa ajili ya filamu ya King Creole. Haufiki hata dakika mbili, unafoka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye chati ya madukani ukakaa juu. Baba yako kashinda.

Mtangazaji wa redio naye ana hesabu zake. Anasikilizwa na anayepiga pasi, na dereva wa lori, na mzee anayenyoa ndevu ambaye akisikia gitaa linapiga kelele anazima. "Patricia" haina mwimbaji wa kumuudhi mtu. Kinanda kinatembea kwa madaha, matarumbeta yanakuja kukikatiza, basi. Na Prado, yule Mcuba wa dansi iitwayo mambo, hakuwa mgeni: mwaka 1955 alikaa kileleni wiki 10 na "Cherry Pink and Apple Blossom White". Kwenye chati ya watangazaji akawa namba moja, kwenye Top 100 vilevile. Baba mdogo naye kashinda. Fungueni vile vitabu kwenye kurasa za utangulizi, zile ambazo hakuna anayezisoma. Mtakuta kimoja kinafuata mauzo na kingine hakifuati.

Ngoja, bado kuna kituko. Wiki iliyofuata, toleo la 4 Agosti 1958, Billboard wakaanzisha Hot 100, mauzo na redio kwenye chungu kimoja. Namba moja ya kwanza kabisa haikwenda kwa yeyote kati ya wawili hao. Ilikwenda kwa Ricky Nelson, kijana wa miaka 18 ambaye Wamarekani walimwona akikua kwenye kipindi cha televisheni cha wazazi wake, na wimbo wake "Poor Little Fool". Prado akawa wa pili. Wa tatu Bobby Darin. Elvis wa nne. Habari hii ya mwisho ukimpa baba mdogo, usiseme umeipata kwangu.

Uingereza ndiko walikoparaganyika zaidi. Chati yao ya kwanza ilitoka 14 Novemba 1952 katika gazeti la New Musical Express. Bwana mmoja, Percy Dickins, alishika simu akapigia maduka kama 20, akauliza zipi zinatoka sana, akaandika, akajumlisha. Orodha ilikuwa ya nafasi 12 lakini ilibeba nyimbo 15, kwa kuwa nyingine zilifungana. Na ziliendelea kufungana hata baadaye: 4 Julai 1958 Vic Damone na Everly Brothers walikaa namba moja pamoja, 18 Desemba 1959 Adam Faith na Emile Ford wakabanana pale pale juu, tena kwa nyimbo ambazo majina yake yote mawili yanaanza na "What Do You Want". Namhurumia karani aliyezipanga siku ile. Wakati huo Record Mirror wana chati yao, Melody Maker wana yao, na BBC, walipochoka, wakawa wanachukua chati za magazeti na kutafuta wastani.

Na fikiria yule mwenye duka upande wa pili wa simu. Nyuma yake kuna sanduku zima la santuri lisilotoka. Anaulizwa ipi inauzika. Atataja ipi? Hapakuwa na mashine ya kumsuta. Billboard ilianza kuhesabu mauzo kwa kompyuta za madukani mwaka 1991.

Mimi siwezi kumnyooshea kidole. Kazi yangu ya kwanza redioni ilikuwa kuhesabu kadi za maombi ya nyimbo. Kila Alhamisi nilizimwaga mezani nikazigawa mafungu, kila wimbo fungu lake, lililo refu ndilo la kufungulia kipindi. Wiki moja mafungu mawili yalikimbizana: 43 kwa wimbo nisiouvumilia, 41 kwa niupendao. Nilipovuta kiti, kadi tatu za lile fungu refu zilidondoka chini ya meza. Niliziona. Sikuinama.

Mzee, nimesikia kwamba enzi hizo watangazaji wa Marekani walikuwa wanahongwa ili wapige nyimbo. Ni kweli au ni maneno ya walioshindwa? — Msikilizaji wa Usiku

Kweli tupu, na jina lake ni "payola". Mwisho wa 1959 jambo hilo lilifika kwenye kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Oren Harris, watu wakaitwa kuhojiwa mmoja mmoja. Aliyeumia zaidi ni Alan Freed, ambaye alilisambaza sana jina la rock 'n' roll redioni. Kituo cha WABC cha New York kilimtaka asaini karatasi kwamba hakuwahi kupokea kitu. Akakataa kusaini, akafukuzwa Novemba 1959. Mwaka 1962 alikiri mashtaka, faini yake ikawa dola 300. Dola 300! Lakini kazi ilikuwa imekwisha, na mwaka 1965 akafariki akiwa na miaka 43.

Angalia tarehe lakini. Sheria ya taifa iliyoharamisha malipo ya siri ya namna hiyo ilikuja 1960, kelele zikiwa zimeshapigwa. Kabla ya hapo, kwa sheria za taifa, bahasha kwa mtangazaji ilikuwa aibu kuliko kosa. Kwa hiyo ukimwona msanii wa 1957 juu kwenye ile chati ya watangazaji niliyoitaja hapo mwanzo, huwezi kujua ni mapenzi au bahasha. Chati ya madukani nayo isijione safi, maana watu hununua walichokisikia.

Shikamoo babu. Je, katika chati hizo za wazungu kuna Mwafrika hata mmoja aliyepenya miaka hiyo? Simaanishi Mmarekani mweusi, namaanisha kutoka huku bara letu. — Mwanafunzi wa Gitaa

Marahaba mjukuu wangu. Umenigusa panapowasha.

Mwaka 1958 Uingereza wimbo "Tom Hark" ulifika namba 2. Si mzungu akiiga. Ni Elias and His Zig-Zag Jive Flutes, vijana wa Afrika Kusini na filimbi zao za bati, zile za bei ya chini ambazo mtoto yeyote angeweza kuipata moja. Televisheni ya Uingereza iliutumia wimbo huo kufungulia mfululizo wa tamthilia, watu wakautaka madukani. Bendi ya Ted Heath ikakimbilia kutoa toleo lake, likaambulia nafasi za chini. Kwa mara moja nakala haikumshinda mwenye mali.

Utafute usikilize sekunde za mwanzo, maana wengi wanaziruka wakidhani ni makelele. Muziki haujaanza. Unasikia wanaume wanacheza kamari barabarani, wanazungumza ile lugha yao ya mitaani. Kisha mmoja anatoa tahadhari: gari la polisi linakuja. Kamari inafichwa, filimbi zinatolewa, na polisi wakipita watakuta vijana wapole wanapiga muziki. Waingereza walicheza wimbo huo madansini bila kujua kwamba wanacheza ujanja wa kumkwepa askari.

Mtindo wenyewe unaitwa kwela. Gari la polisi waliliita "khwela-khwela". Kwa Kizulu khwela ni panda. Ndiyo amri anayopewa anayekamatwa, panda juu. Sasa itamke taratibu, kisha useme neno letu sisi: kwea. Kukwea mnazi, kukwea mlima. Ni neno lile lile, limeoga mto mwingine. Siku nilipoling'amua hilo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama nimepata barua ya urithi.

Mtunzi aliyeandikwa kwenye wimbo ni Rupert Bopape, mtayarishaji. Wapuliza filimbi wenyewe walikuwa akina Lerole, Elias na ndugu yake Jack. Wataje na wao unapoupiga. Kuna pia "Skokiaan" ya August Musarurwa kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe, iliyowapagawisha Wamarekani, Louis Armstrong akiwemo, lakini hiyo ni ya 1954. Hukuniuliza mwaka huo.

Mzee wangu, nimerithi santuri nzito nyeusi ya "That'll Be the Day", ya mizunguko 78 kwa dakika. Marehemu babu alikuwa akisema ni Buddy Holly, lakini lebo inasema The Crickets. Pia naambiwa mwaka 1957 santuri za 78 zilikuwa zimekwisha. Nimerithi bandia? — Mrithi Mwenye Mashaka

Pole kwa msiba, na uondoe mashaka. Babu alikuwa sahihi na lebo iko sahihi.

Holly aliwahi kuurekodi wimbo huo mwaka 1956 kule Nashville kwa kampuni ya Decca. Hawakuutoa, wakaachana naye, lakini mkataba ulimkataza kuzirekodi upya kwingine nyimbo alizowaimbia. Februari 1957 akaingia na wenzake studio ya Norman Petty, mji wa Clovis, New Mexico, wakaurekodi tena. Ili jina lake lisionekane, lebo ikaandikwa The Crickets. Wimbo ulikwenda namba moja pande zote mbili za bahari mwaka ule ule. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bendi akawa anasikika kila mahali.

Kuhusu uzito: santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45 zilikuwepo tangu 1949, lakini za 78 hazikufa siku moja. Miaka hiyo kampuni zilitoa wimbo mmoja kwa aina zote mbili, kwa sababu nyumba nyingi bado zilikuwa na gramafoni za zamani. Za mwisho mwisho kama yako ndizo watu wanazozitafuta leo, maana zilitengenezwa chache.

Sasa nisikilize kwa makini. Usiipige kwa sindano ya LP, zile santuri kubwa za plastiki za nyimbo nyingi. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano nyembamba inazama mpaka chini kabisa na kukusanya mikwaruzo yote. Omba sindano ya 78. Usiiegemeze kwenye ukuta wenye jua. Na ukitaka kuisafisha, usithubutu kutumia spiriti. Santuri hizo zimetengenezwa kwa shelaki, ile ile ambayo maseremala huiyeyusha kwa spiriti wapate rangi ya kung'arishia samani. Nilikuwa na miezi miwili kazini nilipoichukua moja yenye alama za vidole, nikaloweka pamba, nikaifuta kwa bidii upande mzima, nikijisifu jinsi pamba inavyotoka nyeusi. Nilidhani ni uchafu. Ulikuwa wimbo.

Kitambaa laini kikavu kinatosha, kufuata mzunguko wa mifereji.