Tairodi na alaimenti ya MX-5 nyumbani: inawezekana, ila kazi iko kwenye nyuzi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadilisha tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu ya mbele unapokata usukani) za Mazda MX-5 yako ya kizazi cha kwanza na kupima alaimenti, yaani mielekeo ya magurudumu, mwenyewe, bila kuipeleka kwenye mashine. Unaweza. Mimi magari yangu nayapima mwenyewe kwa miaka mingi sasa, na MX-5 ni gari linalomfaa sana mtu wa kujifanyia, kwa sababu kila kona ina mkono wa juu na wa chini, na ule wa chini umeshikwa na bolti mbili za kemu (zenye duara lisilo katikati) unazoweza kuzizungusha ili mkono usogee. Magari mengi ya kawaida yanakuachia tou ya mbele peke yake.

Ili tuelewane: tou ni pua za magurudumu kuelekeana kwa ndani au kufunguka kwa nje, ukitazama gari kutoka juu. Kemba ni gurudumu kuinama ukilitazama kwa mbele. Kasta ni jinsi mhimili ambao gurudumu linakatia kona ulivyolala, ukiutazama kwa ubavuni.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kinachocheza ni tairodi kweli. Inua mbele, weka stendi, shika tairi saa tatu na saa tisa ulitikise huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo cha tairodi. Kisha shika saa kumi na mbili na saa sita. Likicheza kwa ubavuni tu, mara nyingi ni tairodi ya nje au ya ndani. Likicheza pande zote, tazama beringi ya gurudumu na boljointi (viungo vya mviringo vya mikono). Hatua hii usiiruke hata kidogo. Ukipima gari ambalo bado lina kitu kinachocheza, namba utakazopata ni za pale liliposimama. Likianza kutembea zinabadilika.

Kuchomoa tairodi ya nje si kazi kubwa. Toa kota pini (pini inayozuia nati isilegee), legeza nati lakini iache imeshika hesi (mistari ya skrubu) chache, halafu gonga kwa nyundo ubavu wa jicho la mkono wa nakoli (kipande kinachobeba gurudumu), pale koni ya tairodi, yaani msumari wake uliochongoka, ilipoingia. Usiupige msumari wa tairodi kwa juu, utaharibu hesi. Mapigo mawili matatu ya nguvu na koni inaachia yenyewe. Ile uma ya kugongea katikati inachana mpira wa grisi, kwa hiyo itumie kwa kiungo unachokwenda kukitupa tu. Kabla ya kuzungusha tairodi itoke, pima kwa rula kutoka katikati ya msumari wake hadi kwenye loknati (nati inayoifunga isizunguke), uandike. Wengi huhesabu mizunguko, lakini kiungo kipya si lazima kiwe na urefu sawa na cha zamani. Kile kipimo cha rula ndicho kitakachokuwezesha kusogeza gari bila kuburuza matairi.

Wakati wa kufunga, kama msumari unazunguka pamoja na nati, sukuma kiungo kwa jeki kutoka chini mpaka koni ishike. Tundu la kota pini lisipolingana, kaza mbele kidogo hadi lilingane. Usirudishe nati nyuma kamwe. Tairodi ya ndani iko chini ya buti (mpira wa mikunjo) la reki, ile fimbo ya meno inayosukumwa na usukani, nayo inataka uishike reki yenyewe kwa spana unapoilegeza, usije ukaipa mkazo pinioni, gia inayoisukuma. Buti likiwa limepasuka, badilisha hapo hapo, maana maji na mchanga ndivyo vinavyomaliza reki.

Sasa tuje kwenye kupima, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanapima gurudumu la kushoto dhidi ya la kulia kwa futi, wanapata milimita nzuri, na gari bado linakwenda upande. Wamelinganisha magurudumu ya mbele yenyewe kwa yenyewe, na hawajui yanaelekea wapi ukilinganisha na ya nyuma. Gari linafuata ekseli ya nyuma. Kama nyuma inaelekea kulia kidogo, utaendesha usukani ukiwa umepinda hata kama mbele umeiweka sawasawa kabisa. Kwa hiyo nyuma ndiyo ya kwanza, daima.

Unahitaji mabomba mawili yaliyonyooka, marefu kuliko upana wa gari, yenye alama mbili kila moja kwa umbali ule ule hasa. Moja lilaze mbele ya gari, moja nyuma, juu ya stendi, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Vuta uzi wa nailoni kutoka alama hadi alama, kushoto na kulia. Hapo nyuzi mbili ziko sambamba. Kilichobaki ni kuziweka katikati ya gari: umbali kutoka uzi hadi katikati ya habu ya mbele kushoto uwe sawa na wa mbele kulia, na nyuma hivyo hivyo. Mbele na nyuma zisilingane! Kwa MX-5 ya kizazi cha kwanza magurudumu ya mbele yameachana milimita 1,410 na ya nyuma 1,430, kwa hiyo kila upande uzi utakuwa mbali zaidi kwa mbele kwa milimita 10. Kama rimu si za kiwandani, pima zako. Hatua hii ifanye polepole, uirudie mpaka usisogeze tena chochote, kwa sababu kila namba inayofuata inasimama juu yake.

Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu kwa mbele, kisha ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo. Mbele ikiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu limeelekea ndani. Kwenye rimu yenye ukingo wa kipenyo cha milimita 400, tofauti ya milimita 1 ni kama nyuzi (digrii) 0.14. Kwa kemba, simamisha rula iliyonyooka yenye pimamaji kwenye ukingo; milimita 7 kati ya juu na chini ni kama nyuzi 1. Sakafu iwe sawa kwa ajili ya kemba: pitisha maji kwenye mpira mwembamba unaoonekana ndani, uone tairi lipi liko chini, uliinue kwa vipande vya vigae. Na rimu iliyopinda kidogo itakudanganya, kwa hiyo sogeza gari nusu mzunguko wa tairi, pima tena, chukua wastani.

Upepo wa matairi uwe sahihi, na uzito kama wako ukae kwenye kiti cha dereva. Kila ukishusha gari kutoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita chache kabla ya kupima, kwa sababu tairi lililotua linakuwa limebana kwa ndani na kemba inadanganya. Chini ya matairi ya mbele weka mabati mawili yenye grisi katikati, ili gurudumu liteleze unaporekebisha.

Bolti za kemu zimwagie mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla. Zikigoma usilazimishe, maana bomba la ndani ya bushi (mpira wa kwenye kiungo cha mkono) linaweza kuwa limeshikana na bolti na utaichana bushi. Ukifaulu, zikaze gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, sio likining'inia. Bushi ya mpira iliyokazwa ikining'inia hujikunja muda wote na hufa mapema.

Fuata mpango huu: kemba na tou ya nyuma, halafu kasta na kemba ya mbele, mwisho tou ya mbele. Kwa mbele kemba na kasta zinagombea bolti zile zile, ukiongeza moja nyingine inapungua. Kwa barabara za kawaida mimi naweka kemba nyuzi 1 ya kuinamia ndani kwa mbele na 1.5 kwa nyuma, tou ya mbele sifuri, na ya nyuma milimita 2 hadi 3 ya kuelekea ndani kwa jumla. Tou ya nyuma isifunguke nje hata kidogo, gari fupi la kusukumwa na magurudumu ya nyuma litakutoroka kwenye kona yenye maji.

Tou ya mbele irekebishe usukani ukiwa umenyooka na umefungwa usizunguke, kila upande kwa uzi wake. Zungusha kidogo kidogo: kwenye hesi za milimita 1.5 na mkono wa nakoli wa milimita 120, mzunguko mmoja ni nyuzi 0.7 hivi, ambazo ni nyingi mno. Kaza loknati, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaweza kusogeza tairodi.

Baada ya kuendesha wiki moja hivi, pitisha kiganja juu ya kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) za tairi la mbele kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Zikiwa laini upande mmoja na kali upande mwingine, tou bado haijakaa. Ukifika hapo, niwekee hapa vipimo vya kona zote nne na kimo cha gari, tutavisoma pamoja.